Inchi Kumi na Tano

Datsun ya marehemu baba, ya mwaka sabini na moja,
haikuwahi kusimama. Ilichoka tu,
ikapunguza, ikapunguza, ikakuta ukuta.
Kwenye mteremko wa bandarini Wete baba alikanyaga mara tatu:
ya kwanza breki, ya pili breki, ya tatu Bismillahi,
nasi kiti cha nyuma tukimsaidia kwa vidole vya miguu.

Mwaka jana ikawa zamu yangu. Mvua ya vuli,
mtoto na kapu la mofa katikati ya njia.
Nikachagua tuta la muhogo.
Muhogo ulinisamehe. Mwenye shamba alitaka elfu thelathini.

Ndipo Fundi Shaame akaniletea breki
za Nissan iliyogongwa Kiembesamaki,
diski pana kama sinia,
kazipakata melini usiku kucha asije mtu akazikalia.
Akafunga siku mbili. Zikang'aa
kama meno mapya kinywani mwa mzee.
Akachukua rimu ya baba, inchi kumi na tatu,
akaisukuma. Ngo.
Akaigeuza. Ngo.
"Mwalimu," akasema, "kichwa kimekua, kofia ni ile ile."

Mimi nafundisha hisabati. Nikapima:
matundu manne, milimita mia na kumi na nne na nukta tatu
kutoka tundu hili hadi la mkabala wake.
Nikaandika nyuma ya daftari la mahudhurio,
nikavuka kwenda Unguja.

Mwanakwerekwe, Suleiman Ussi kazitundika ukutani
kama picha za maharusi.
"Laki tisa, kwa kuwa wewe mwalimu."
Nikamuuliza, na kwa asiye mwalimu?
Akacheka, akaniagizia chai ya tangawizi. Bei haikucheka.
Jang'ombe nilipewa za laki mbili, matundu matano.
"La tano ni la ziada," kijana akasema,
nikawaombea Mungu abiria wake.
Amani nikapata moja, nzuri, rahisi.
Moja. Mwenzake yuko Tanga, ati yuaja.

Miezi mitatu Datsun ikakaa juu ya mawe uani kwa Shaame,
gari lenye breki kali kuliko yote Pemba,
maana halikusogea hata shubiri.

Jumanne moja, Limbani, natembea kwenda skuli
nyuma ya gari la ng'ombe lililobeba mchanga.
Mwenye haja huhesabu kabla hajasalimia:
tope, tundu, tope, tundu. Manne.
Nikachutama. Nikatoa rula ya darasani.
"Wewe," akasema Bi Mize Hamad, juu ya mchanga wake,
"wamtafutia ng'ombe wangu ugonjwa?"

Alizitoa kwenye gari lililofia Konde
mwaka wa uchaguzi, hakumbuki upi.
Nikampa mbili za baba na elfu sitini ya pumba.
Nikamwonya: hizi ndogo, Bi Mize, zilishindwa na breki.
"Ng'ombe hajui inchi," akanijibu,
"na breki yangu mimi ni mdomo."

Rimu ikaingia. Kati yake na kalipa
kidole kimoja kinapita, cha mwanafunzi.
Nyuma zimebaki mbili za baba,
kwa hiyo Datsun imeinua pua
kama mtu aliyesikia akiitwa.
Shaame haipendi. Anasema tutatafuta.

Jana, mteremkoni, nilikanyaga mara moja.
Ikasimama.
Mguu ukabaki na kazi mbili zisizo na mwenyewe.
Ile ya tatu nikaisoma hivyo hivyo, kwa ajili yake.

Mbele yangu Bi Mize alikuwa akikata njia,
na magurudumu ya baba chini ya mchanga,
moja bado na kifuniko chake cha fedha,
yakiteremka kwa ile tabia yao,
yakipunguza, yakipunguza.

"Hoo," akasema Bi Mize.

Yakasimama.